Nyenzo huria za elimu si kila faili linalotolewa bure

Mafunzo ya ujasiriamali kwa watu wazima, yawe ya vikundi vinavyosubiri mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ya wanachama wa VICOBA au ya wastaafu wanaotafuta namna ya kutokula kiinua mgongo chao chote, siku hizi hayakosi mwezeshaji anayetangaza kwamba washiriki watapewa "nyenzo huria". Kinachofuata kwa kawaida ni faili la PDF linalodondoshwa kwenye kundi la WhatsApp, kurasa zake zikiwa zimepigwa picha kwa simu kutoka katika kitabu cha mtu, na kwenye ukurasa wa pili, kwa anayejali kuusoma, yakiwa yameandikwa maneno "Haki zote zimehifadhiwa". Faili hilo ni la bure kwa maana kwamba hakuna aliyelilipia. Huria si.

Maana yenyewe ni fupi. Nyenzo huria za elimu ni vitabu, mihtasari, video, mazoezi, picha na vifaa vingine vya kujifunzia ambavyo ama havina tena hakimiliki, ama vina hakimiliki lakini mwenye nazo ametoa leseni inayomruhusu kila mtu kuvipata bila malipo, kuvitumia tena, kuvirekebisha na kuvisambaza. Ndivyo linavyosema Pendekezo la UNESCO lililopitishwa Novemba 2019, na ndivyo wanavyoelewa wengi wanaofanya kazi hii. Katika maana hiyo sehemu inayohusu fedha ni ndogo kuliko zote, ilhali ndiyo pekee iliyoshikwa na watu.

Historia yake inasaidia kuonyesha kwa nini. Mwaka 1998 Mmarekani David Wiley alianza kuzungumzia maudhui huria kwa kuiga walichokuwa wamefanya waandishi wa programu huria za kompyuta, ambao hawakujali sana kama programu inauzwa au haiuzwi, bali kama anayeipata anaruhusiwa kuifungua, kuibadilisha na kumpa mwenzake. Mwaka 2001 chuo cha MIT kilitangaza kwamba kitaweka vifaa vya kozi zake kwenye intaneti kwa ajili ya yeyote, na Julai 2002 UNESCO iliwakutanisha wataalamu mjini Paris kujadili hatua hiyo ingezifaa vipi nchi zinazoendelea. Hapo ndipo jina la nyenzo huria za elimu lilipozaliwa. Desemba mwaka huohuo zikatoka leseni za kwanza za Creative Commons, yaani leseni zilizoandikwa tayari ambazo mwandishi huchagua tu inayomfaa, na kuanzia hapo mtu asiye na mwanasheria akaweza kuandika mstari mmoja chini ya kazi yake na kueleweka duniani kote. Baadaye Wiley aliyafupisha mambo ambayo mtumiaji wa nyenzo huria anaruhusiwa kuyafanya kuwa matano: kuitunza nakala yake, kuitumia, kuirekebisha, kuichanganya na nyingine na kuisambaza. Mfano wa faili letu la WhatsApp unapita labda katika la pili, tena kwa kuchungulia dirishani.

Wapo wanaojitetea kwamba kijitabu walichokisambaza hakikuwa na alama yoyote ya hakimiliki, kwa hiyo kilikuwa cha wote. Hapa sheria inasema kinyume kabisa cha wanavyodhani. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao tangu marekebisho ya 1908 hautaki mwandishi asajili wala kuandika chochote ili alindwe, hakimiliki huanza pale kazi inapoandikwa. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inafuata msimamo huohuo. Kwa maneno mengine, mwenye kazi akinyamaza, jibu la sheria ni "hapana", na ndiyo maana leseni ikahitajika: ni "ndiyo" iliyotolewa mapema, kwa maandishi, kwa watu ambao mwandishi hatawahi kuonana nao. Kazi isiyo na alama wala leseni haijawa huria. Imekuwa tu kazi ambayo hujui umwombe nani ruhusa.

Kwa haki, mkanganyiko huu haukuletwa na wawezeshaji peke yao. Uhuria katika elimu umekuwa na sura mbili zilizochanganywa kwa muda mrefu. Ya kwanza ni uhuria wa mlango, yaani nani anaruhusiwa kuingia kujifunza, wakati gani na akiwa wapi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ni huria kwa maana hiyo: mtu anasoma akiwa kazini au nyumbani kwake Songea, bila kulazimika kuhamia chuoni, lakini ada analipa na vitabu vya kozi vina wenyewe. Ya pili ni uhuria wa maudhui, yaani unaruhusiwa kuyafanyia nini yakishakuwa mikononi mwako. Kozi kubwa za mtandaoni zilizidisha tatizo. Ile ya mwaka 2008 iliyoendeshwa Kanada na George Siemens na Stephen Downes ilikuwa huria kwa maana zote mbili, lakini majukwaa ya kibiashara kama Coursera yaliyokuja mwaka 2012 yalibaki na mlango tu: ulijiandikisha bila malipo, ukatazama, na ulipotaka cheti mara nyingi ulilipia. Video zake huruhusiwi kuzitia sauti ya Kiswahili na kuzionyesha kwa kikundi cha Kisarawe. Kumpeleka mjasiriamali kwenye kozi hiyo ni jambo jema. Kuiita nyenzo huria si sahihi.

Msomaji anaweza kuuliza kama tofauti hii inamhusu nini muuza mitumba anayetaka tu kujua namna ya kupanga bei. Inamhusu kuliko inavyomhusu mwanafunzi wa fizikia, kwa sababu sheria za mwendo ni zilezile Boston na Bukoba, ilhali biashara ndogo hufanyika ndani ya sheria, bei, desturi na fedha za mahali. Chukua kitabu cha ujasiriamali kilichotolewa na OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Houston, mwaka 2020 kwa leseni inayodai tu kwamba waandishi watajwe. Ni kitabu kizuri chenye sura 15, na sura ya 13 inaeleza miundo ya kisheria ya biashara: aina za makampuni ya Kimarekani, namna kila moja inavyotozwa kodi na mmiliki anavyojikinga na madeni. Ukiisoma sura hiyo mbele ya akina mama wauza samaki wa Feri utakuwa umewasomea habari za ng'ambo. Wanachohitaji pale ni jina la biashara kutoka BRELA, leseni kutoka halmashauri, kodi ya makadirio ya TRA, na tofauti kati ya kikundi kilichosajiliwa na watu watano wanaochangishana.

Kwa kuwa kitabu kile ni huria kweli, mkufunzi anaruhusiwa kuing'oa sura ya 13 yote, kuandika nyingine mahali pake, kutafsiri zilizobaki na kukichapisha kitabu kipya kwa jina lake, mradi aseme asili yake ni wapi, aonyeshe leseni na aeleze kwamba amefanya mabadiliko. Anaruhusiwa pia kuzitupa hesabu za dola na kuweka za mama lishe. Tuseme amepika sahani 30 za wali na maharage kwa shilingi 2,500 kila moja. Mauzo yanatakiwa kuwa 75,000. Vyakula vimegharimu 48,000, mkaa 5,000, maji 1,500 na ushuru wa soko 500, jumla 55,000. Kwenye karatasi ana faida ya 20,000. Lakini sahani nne zimeliwa na watoto na shemeji aliyepita kusalimia, na tatu wamekula mafundi "watakaolipa Ijumaa", ambazo ni shilingi 17,500 zisizokuwepo mkobani, kwa hiyo jioni anahesabu 2,500 na kushangaa faida imekwenda wapi. Somo la kutenganisha fedha za nyumbani na za biashara, na la kwamba deni si mauzo yaliyoingia mkononi, mtu mzima hulielewa kwa sufuria hiyo ndani ya dakika kumi, naye ataongeza mwenyewe habari za makato ya kutoa pesa kwenye simu. Kitabu kisichoruhusu kubadilishwa kinamfungia mkufunzi kazi hiyo, hata kama kinapatikana bure kwa kila mwenye bando.

Ndiyo sababu inafaa kuzitazama herufi za leseni badala ya kuridhika na alama ya CC, yaani Creative Commons, peke yake. BY maana yake mtaje mwandishi. SA inataka kile utakachokitengeneza kutokana na kazi hiyo ukitoe kwa masharti yaleyale. Wikipedia, ya Kiswahili ikiwemo, inatumia masharti haya mawili kwa pamoja. NC inazuia matumizi ambayo lengo lake kuu ni manufaa ya kibiashara au malipo ya fedha, na hapo mkufunzi wa ujasiriamali anayetoza kiingilio yuko kwenye ukungu, kwani kipimo si yeye ni nani, ni matumizi yenyewe. Akiona shaka, aulize. Ya ND ndiyo inayopaswa kumhangaisha zaidi msemaji wa Kiswahili. Inaruhusu kusambaza kazi kama ilivyo, bila kusambaza toleo lililobadilishwa, na tafsiri huhesabiwa kuwa badiliko. Kijitabu cha Kiingereza chenye ND unaweza kukitafsiri na kukaa na tafsiri yako kabatini, lakini huruhusiwi kuwagawia wanakikundi. Wengi wa wanaotetea elimu huria hawaihesabu leseni hiyo kuwa huria hata kidogo, nami naona wako sahihi, maana haifikii pendekezo la UNESCO ambalo linataja kurekebisha waziwazi.

Mkanganyiko wa mwisho ni wa kudhani kwamba kila kilicho cha kidijitali ni huria. WhatsApp, YouTube na Zoom ni zana. Zinabeba maudhui kama redio ilivyobeba kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, na hazisemi lolote kuhusu nani anaruhusiwa kuyabadilisha maudhui hayo. Kwenye YouTube anayepandisha video anaweza kuchagua leseni ya kawaida ya jukwaa au ile ya Creative Commons inayodai kutajwa tu, na chaguo hilo huandikwa kwenye maelezo yaliyo chini ya video. Video ya kutengeneza sabuni ya maji yenye leseni ya kawaida unaweza kumtumia mtu kiungo chake. Kuipakua kwa programu za pembeni na kuikata vipande vya kurusha kwenye kundi ni jambo jingine. Kwa upande wa pili, nyenzo iliyochapishwa kwenye karatasi na kutolewa fotokopi kwa ajili ya wenye simu za kitochi inaweza kuwa huria kamili ikiwa leseni yake inaruhusu. Na kuna nyenzo ambazo ni huria kisheria lakini zimefungwa kiufundi, kama jedwali la mtiririko wa fedha lililowekwa katika PDF ya picha ambayo hakuna awezaye kuandika ndani yake. Anayetaka kutoa kweli atoe na faili la maandishi linalofunguka, au jedwali lenyewe likiwa na fomula zake, si sura yake tu.

Kwa hiyo ombi kwa wenzetu wanaoendesha mafunzo haya, ambao nia yao ni njema na kazi yao ni ngumu, ni dogo. Kama kijitabu kinatolewa bila malipo, semeni kinatolewa bure. Hakuna aibu katika neno hilo, na washiriki watalishukuru. Mkikiita huria, fungueni kwanza ukurasa wa pili mwone mwenye nacho ameruhusu nini. Mkikuta haki zote zimehifadhiwa, mwandikieni barua pepe kumweleza mnataka kutafsiri sura zipi kwa ajili ya akina nani. Na vile vijitabu mlivyovitunga wenyewe, ambavyo vingi ni bora kuliko hivyo vya kunakili, viandikieni chini ya jina lenu kwamba vimetolewa kwa leseni ya Creative Commons BY 4.0, ili mwezeshaji wa wilaya ya jirani asilazimike kuvipiga picha kwa simu.