Gemu Kuonekana, Gemu Kuchezeka

Ingia kibanda chochote cha gemu, kiwe Kondele kule Kisumu au Free Area hapa Nakuru, na neno litakalokupokea kabla hujashika padi ni "grafiki". Gemu tamu ina grafiki kali. Gemu inayokwamakwama ina grafiki mbovu. Gemu isiyo na vikosi vya msimu huu, eti grafiki zake zimezeeka. Neno moja limetwikwa mizigo mitatu, na hakuna hata mmoja ulio wake.

Grafiki ni kile kinachochorwa kwenye skrini: maumbo, rangi, vivuli, nyasi za uwanja. Basi. Kile kingine, kinachofanya mtu aisahau sufuria jikoni, ni kanuni za mchezo, mambo ambayo vidole vinaruhusiwa kufanya, na jinsi mashine inavyovijibu. Hicho wengi wanakiita "uchezaji", na kero inaanzia hapo.

Grafiki tumelipata kwa Kiingereza, lakini mzizi wake ni kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuandika au kuchora, kilekile kilichomo ndani ya grafu na jiografia. Kwa hiyo neno lenyewe linakueleza mpaka wake: mchoro. Uchezaji nalo ni neno letu, na limenyooka vizuri tu. Nomino za namna hii humfuata mtendaji: msomaji ana usomaji wake, mwimbaji ana uimbaji wake, na mchezaji ana uchezaji. Mtangazaji akisema uchezaji wa Gor Mahia umepwaya leo, anawasema wachezaji. Hausemi mpira wala sheria za kandanda. Sasa ukisema "gemu hii ina uchezaji mzuri", umemsifu nani? Gemu haichezi. Gemu inachezwa. Kiswahili kina kauli iliyokaa tayari kwa kazi hiyo: barabara inapitika, mwandiko unasomeka, chakula kinalika, gemu inachezeka. Sifa ya kitu kuchezeka ni uchezekaji. Linaonekana refu, lakini watu wanaosema "inachezeka" kila siku wameshalifikia nusu.

Aliye na shaka kwamba mambo haya mawili yanaweza kuachana kabisa aende stendi yoyote ya bodaboda saa nane mchana. Drafti inachezwa juu ya katoni iliyochorwa kwa kalamu, kete ni vifuniko vya soda, upande mmoja vimelala kifudifudi na mwingine chali. Grafiki sifuri. Uchezekaji umejaa hadi watazamaji wanagombana.

Kwenye mashine za mkononi, ugomvi huu ni wa tangu 1989, Nintendo ilipotoa Game Boy: skrini ya nukta (vidoa vinavyounda picha) 160 kwa 144, vivuli vinne vya rangi ya majani makavu, haina hata taa. Mwaka uliofuata Sega ikaleta Game Gear, yenye rangi na taa nyuma ya skrini. Kwa mchoro, hapakuwa na mashindano. Ila taa inakula betri: Game Gear ilimeza betri ndogo sita kwa saa tatu hadi tano, wakati Game Boy ilitumia nne na kukesha nazo zaidi ya saa kumi. Gunpei Yokoi, aliyeongoza kazi ya Game Boy, aliamini katika kuchukua teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, kisha kuitafutia matumizi ambayo wengine hawajayawaza. Tetris, gemu ya kupanga maumbo yanayoanguka, iliyouzwa pamoja na mashine hiyo Marekani na Ulaya, ilihitaji tu macho yatofautishe maumbo saba. Vivuli vinne vilitosha na kubaki.

Kisha 2004, mashine mbili za mkononi, DS ya Nintendo na PSP ya Sony, zikatoka zikipishana kwa wiki chache. PSP ilikuwa na skrini pana ya nukta 480 kwa 272, na prosesa, yaani ubongo wa mashine, yenye uwezo wa kufika kasi ya megahezi 333. DS ilikuwa na skrini mbili za 256 kwa 192, prosesa kuu ya megahezi 67, maikrofoni, na skrini ya chini inayoguswa. Skrini hiyo inahisi mkandamizo, haihitaji ngozi ya kidole, ndiyo maana kalamu ya plastiki au hata ukucha unaitosha. (Ukinunua ya mtumba na alama zinatokea kando ya unapogusa, usimkimbilie fundi kwanza, ndani ya mipangilio kuna sehemu ya kusawazisha mguso.) Katika gemu ya Zelda ya 2007 iliyoundwa kwa DS kuna fumbo linalotaka unakili alama kutoka ramani ya juu kwenda ya chini. Vitufe vyote havisaidii. Unaifunga mashine kama kitabu, unaifungua, alama imegongwa kama muhuri. Huo ndio ubunifu wa uchezekaji: tendo ambalo halikuwepo kwenye mashine ya jana. Rangi mpya ya kasha si ubunifu wa aina hiyo.

DS iliuza zaidi ya milioni 150, PSP ikakaribia milioni 80. Msiitumie tofauti hiyo kusema grafiki hazina maana. Milioni 80 si kuanguka.

Kwa anayetaka kujaribu mwenyewe, simu ya Android yenye PPSSPP, programu inayoendesha gemu za PSP, inatosha. Fungua gemu ya kandanda ya PSP, ingia mipangilio ya picha, weka ukubwa wa mchoro kwenye 1×, yaani 480 kwa 272 kama kwenye PSP yenyewe. Cheza dakika tano. Weka 2×. Kingo za jezi zinanyooka, namba za mgongoni zinasomeka, ila mpira unadunda vilevile na kipa anafungwa na shuti lilelile la pembeni. Mchoro umebadilika, mchezo haujabadilika hata unywele. Sasa panda hadi 4× kwenye simu ya bei nafuu. Nukta zimekuwa mara 16, si mara nne, kwa kuwa zinazidishwa upana na urefu. Simu inapata moto, kasi inashuka chini ya asilimia 100, sauti inakatika. Hapo ndipo jirani huropoka "grafiki mbovu", wakati ukweli ni kwamba hajawahi kuona mchoro safi kuliko huo. Kilichoshuka ni fremu, yaani idadi ya picha zinazopita kila sekunde, na dawa yake ni kurudi 2× au 1×.

Kwa hiyo ikikatakata, ni fremu. Vikosi vikiwa vya zamani, ni faili la data, linabadilishwa. Picha ikiwa safi, kasi imetimia, na bado unapiga miayo, gemu haichezeki. Na ukifungwa mechi tano mfululizo kwa padi ileile aliyoshinda nayo mwenzako, hapo ruksa, lalamikia uchezaji.