Adapta ya kadi haibadilishi kadi

Neno adapta limebebeshwa mizigo mingi. Ukiliuliza sokoni Mwanjelwa, Mbeya, unaweza kuonyeshwa chaja ya laptop, au kadi rida ya USB, au kile kibao cheusi cha plastiki ambacho kadi ndogo ya simu huchomekwa ndani yake. La chaja nimeshalizoea. Linalonichosha ni la kibao cheusi. Mtu anakuja na oganaiza ya zamani, yaani kompyuta ndogo ya mkononi ya kutunzia namba na kumbukumbu, Palm au iPAQ aliyoachiwa na mjomba wake mstaafu, ameshauziwa kadi ya GB 32 pamoja na adapta, na kadi haisomi. Anataka abadilishiwe adapta, kwa sababu muuzaji alimhakikishia kwamba "adapta ndiyo inayoibadilisha".

Haibadilishi. Adapta ya kadi ni ganda linalowezesha kadi ya umbo moja kuingia kwenye tundu la umbo jingine. Maana yake imeishia hapo.

Kama una adapta iliyokufa, ipasue uone. Ndani hakuna chipu, kuna vipande vyembamba vya chuma vinavyotoka kwenye pini za kadi ndogo hadi kwenye pini za ganda kubwa. MicroSD, yaani hiyo kadi ndogo ya simu, ina pini 8, SD ya kawaida, ile kubwa, ina 9, na hiyo inayozidi ni graundi (njia ya umeme kurudi) ya pili tu, kwa hiyo hakuna kinachopungua njiani. Hata kile kiswichi cha pembeni kilichoandikwa Lock hakijaunganishwa na chochote. Ni plastiki inayoziba au kufungua pengo, na tundu la kifaa ndilo linalopapasa kujua pengo liko wazi au la. Kadi yenyewe haina habari. Ndiyo maana kikikatika na kifaa kikaanza kugoma kuandika, kipande cha seloteipu juu ya pengo kinatosha.

Sasa turudi kwa mwenye GB 32. SD ilitangazwa mwaka 1999 na SanDisk, Panasonic na Toshiba, na kiwango kile cha kwanza kinaishia GB 2. Palm m500 yenye tundu la SD ilitoka mwaka 2001. SDHC, yaani kadi za kuanzia GB 4 hadi 32, ilikuja mwaka 2006. Umbo lilibaki lilelile na pini zilezile, lakini mazungumzo kati ya kadi na kifaa yalibadilika. Kadi ya zamani huhesabu mahali pa data kwa baiti moja moja. SDHC huhesabu kwa mafungu ya baiti 512. Tena inapowashwa, SDHC husubiri kifaa kitamke kwamba kinazijua kadi za aina yake. Kisipotamka, inaendelea kujibu kwamba bado ina shughuli, mpaka kifaa kinachoka na kuandika kwamba hakuna kadi. Adapta katikati yao inapitisha umeme tu. Ukimvisha Mnyakyusa mgolole, vazi la Wahehe, hatakuwa ameanza kusema Kihehe.

Kuna dawa ya mtaani ambayo huja baada ya hapo, na hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote: "tuifomati iwe ndogo". Fundi anachukua kadi ya GB 32, anakata patisheni (sehemu ya kadi iliyotengwa) ya GB 2, anaifomati FAT, mfumo wa faili wa zamani, anaichomeka tena, kimya. Ni lazima iwe kimya. Patisheni ni maandishi yaliyo ndani ya kadi, na kifaa hakijafika ndani. Kimekwama mlangoni kwenye salamu. Kadi iliyozaliwa SDHC inabaki SDHC hata ukiiachia MB 16. Zipo Palm chache za miaka ya baadaye ambazo mtu aliziandikia draiva ya kuzielewesha SDHC, na zikaelewa. Lakini hiyo ni programu iliyowekwa ndani ya kifaa, tusiipe adapta sifa zake.

Kinachowachanganya watu, na hapa nawaelewa, ni kwamba neno hilohilo hutumika kwa vitu vyenye chipu kweli. Chukua oganaiza kama Psion Series 5 ya mwaka 1997, au HP Jornada 720. Hizi hutumia CompactFlash, ile kadi nene yenye matundu 50 ukingoni. Ganda la kuingiza SD kwenye tundu la CompactFlash haliwezi kuwa waya mitupu, kwa sababu CompactFlash hujieleza kwa kifaa kama diski na SD haijui kufanya hivyo. Basi humo ndani huwekwa chipu inayosema na SD upande mmoja na kujifanya diski upande wa pili, na hula betri kidogo kwa kazi hiyo. Hicho kina haki ya kuitwa kigeuzi. Kwa njia hiyo hata SDHC inaweza kukubalika kwenye kifaa kilichotoka kabla yake, kwani anayeongea nayo ni chipu. Kikomo kinachobaki ni mfumo wa faili ambao kifaa kinaujua. Kinyume chake, ganda la kuingiza CompactFlash kwenye tundu kubwa la PCMCIA (lile la kadi za laptop za zamani) lenye pini 68, kama la HP 200LX, ni waya mitupu tena, maana CompactFlash ilitengenezwa tangu mwaka 1994 kwa kufuata mpango wa PCMCIA wenyewe. Kwa hiyo usimuulize muuzaji kama ana adapta. Muulize ina chipu au haina.

Na kwa nini mtu ahangaike na oganaiza hizi? Palm nyingi za zamani huweka kila kitu kwenye memori inayohitaji umeme muda wote. Betri ikiisha kabisa, namba za watu na kumbukumbu za shamba zimekwenda nayo. Kilichonakiliwa kwenye kadi hubaki. Kwa mtu wa Makete au Ludewa anayetunza hesabu za viazi kwenye kidude kama hicho, kadi ya MB 128 tu ina thamani kuliko GB 32 isiyosoma.

Basi ukienda dukani Miyomboni, Iringa, au Kabwe, Mbeya, acha kutaja adapta kwanza. Omba microSD ya GB 2 au chini ya hapo, igeuze usome: iwe imeandikwa SD peke yake, bila HC wala XC, ambazo ni alama za kadi za ukubwa wa juu zaidi. Adapta utapewa humohumo kwenye pakiti.