Injini ikizima katikati ya Nalubaale: yanayosemwa mwaloni na ukweli wake

Mwaloni Masese, Jinja, Uganda, kwenye ziwa Nalubaale (Viktoria kwa jina la ramani), mitumbwi ya visiwa vya Buvuma na Dolwe ikipakia, utasikia Kisoga, Kiganda, Kijaluo na Kiswahili. Mengi yanayosemwa pale ni ya busara, ya watu waliokulia majini. Lakini yapo machache yanayoua.

"Hili ni ziwa tu, si bahari." Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Dhoruba yake huzuka ghafla, na upepo haupati masafa ya kuyarefusha mawimbi kama baharini. Kwa hiyo huja mafupi, yamesimama wima, yakifuatana. Mtumbwi haujatoka kwenye la kwanza, la pili limeshamwaga maji ndani.

"Tuondoke alfajiri, ziwa limelala." Si kila siku. Usiku nchi kavu hupoa upesi, maji yakabaki na joto. Upepo wa nchi kavu hutoka pwani zote na kukutana juu ya ziwa, hewa yenye unyevu ikapanda, radi zikajengeka. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani hupiga usiku wa manane hadi asubuhi. Ukiona umeme unamulika upande wa maji, subiri kuche.

Sasa injini, na hapa ndipo roho yangu inaponiuma zaidi. Ikizima, watu wote hupiga kelele "Washa! Washa!", naye nahodha anavuta kamba mpaka mkono unakufa ganzi. Wakati huohuo mtumbwi usio na msukumo unageuka ubavu kwa mawimbi, na ubavuni ndipo unapojaa na kupinduka. Kazi ya kwanza ni kuuelekeza mbele kwenye wimbi: nanga ishuke kutoka mbele, si nyuma. Kamba isipofika chini, funga ndoo au furushi la nyavu mbele, uliache likokote majini. Wawili washike makasia, wengine wakae chini sakafuni na kufua maji, yaani kuyatoa nje. Akisimama mmoja, uzito unapanda juu na mtumbwi hupinduka upesi.

Hapo ndipo urudi kwenye injini. Kuvuta kamba mfululizo hulowesha plagi petroli, nayo ikilowa haitoi cheche, ifungue, ikaushe. Kabla ya hapo tazama mafuta. Nilisafiri siku moja na nahodha aliyehangaika muda mrefu, sote tukiwa tumelowa chepechepe. Kijana aliyeketi karibu na tangi akashika pampu ya mpira ya njia ya mafuta, akaikuta imenywea kama chupa iliyofyonzwa. Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi lilikuwa limefungwa. Alilegeza parafujo ndogo tu, akabonyeza pampu mpaka ikawa ngumu, na injini ikawaka mvuto wa pili.

Gugu maji nalo huziba njia ya maji ya kupozea. Uzi mwembamba wa maji unaoruka nyuma ya injini ukikatika, zima na usafishe. Wanaosema "itafika tu" huishia na injini iliyokwama kabisa.

"Mimi najua kuogelea, jaketi la kuokolea la nini?" Novemba 24, 2018, boti ya starehe ilizama jirani na ufuo wa Mpatta, Mukono, zaidi ya watu 30 walikufa, na nchi kavu ilikuwa karibu. Jaketi ulilolikalia huwezi kulivaa mtumbwi ukishapinduka. Livae mwaloni, ufunge kamba zote. Watoto wapewe la kwao. La mtu mzima huwachomoka.

Na mtumbwi ukipinduka? Wengi huona ni afadhali kuogelea kuelekea kisiwa kinachoonekana. Ushikilieni. Mbao kwa kawaida huendelea kuelea hata zikijaa maji, na wavuvi huuona mtumbwi kutoka mbali kuliko kichwa cha mtu. Mwenye simu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri apige 999 au 112, ataje kisiwa walichokipita mwisho.