"Mwalimu, mtoto ana homa": tunayoyaamini na yanayotokea kifuani mwake

Saa kumi na mbili unusu asubuhi simu huanza kulia. "Mwalimu, mtoto ana homa, aje ama asije?" Nafundisha gredi ya nne katika shule ya msingi ya kutwa hapa Kisumu, na mambo ya afya ya wanafunzi yako mikononi mwangu. Kikohozi kikiingia darasani, simu hizo hufika tano au sita kabla sijanywa chai. Nami hujibu kwa swali: homa gani?

Maana neno lenyewe hutupoteza njia. Kwa wengi wetu huku, homa ni mafua: pua inatiririka, koo linawasha, kichwa kizito. Wanaozungumza Kijaluo wanalo neno hilohilo kwa maana hiyohiyo. Kwa daktari, homa ni joto la mwili kupanda. Mzazi anaongea kuhusu kamasi, muuguzi anasikia joto, na mtoto amekaa katikati. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama aje shuleni. Kamasi kidogo, hana joto, anakula na anacheza: aje, na kitambaa cha mkono mfukoni. Mwili ukifika digrii 38 au zaidi, abaki nyumbani hadi zipite saa 24 bila joto na bila dawa ya kulishusha.

Hayo maneno "bila dawa" ndiyo husahaulika. Mtoto akipewa parasetamoli alfajiri huingia darasani akitabasamu, na kufikia saa nne amelaza kichwa kwenye dawati. Kwa muda huo ameshapumua hewa moja na watoto hamsini.

"Ni baridi iliyomwingia"

Kama baridi ndiyo ingekuwa mzazi wa mafua, Nakuru, iliyoko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ingekohoa peke yake. Sisi huku ziwani, ambako mchana joto hukaribia digrii 30, tungesoma habari zake tu. Sivyo ilivyo. Mwisho wa Juni 2009, ile homa mpya iliyoitwa homa ya nguruwe ilipothibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza, ilikuwa hapa hapa Kisumu, kwa mwanafunzi aliyekuja na wenzake kutoka Uingereza. Virusi vilisafiri ndani ya mapafu ya mtu. Watu waliacha kula nyama ya nguruwe wakati ule, ilhali nyama iliyopikwa ikaiva haikuwa na hatia yoyote.

Baridi ina sehemu yake, ila siyo ile tunayoidhania. Mvua ikinyesha tunafunga madirisha ya darasa, tunafunga vioo vya matatu, tunalala watano kwenye chumba kimoja. Pumzi ya mmoja inakuwa pumzi ya wote. Kwa hivyo sweta halimkingi mtoto na virusi, na akiwa na joto kali kumfunika blanketi mbili juu ya sweta kunamwongezea joto. Mvalishe nguo nyepesi, mpe maji mara kwa mara.

"Kimeo kimekuwa kirefu, kikatwe"

Hapa nitasema polepole kwa sababu najua nyumba ambazo wazo hili bado lina nguvu. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Kila mtu anacho. Mtoto akishikwa na kikohozi koo lote huvimba, na kimeo huvimba pamoja nalo. Ukimulika tochi unaona kinyama kikubwa chekundu na unaamini umempata mwizi. Lakini kimevimba kwa sababu mtoto anaumwa, si kwamba mtoto anaumwa kwa sababu kimevimba.

"Mbona basi wa jirani alikatwa akapona?" Nimeulizwa hilo mara nyingi, na ni swali la haki. Kikohozi cha virusi huchukua wiki moja, mbili, wakati mwingine tatu, kisha huondoka chenyewe. Mkataji huitwa siku ya nane au ya tisa, familia ikiwa imechoka, kikohozi nacho kimeshaanza kufungasha. Sifa anaichukua yeye. Anachoacha nyuma ni kidonda kwenye koo la mtoto anayehangaika kupumua. Damu inaweza kukataa kuacha kutoka. Wembe unaweza kuleta pepopunda, na ukiwa umepita kwenye koo la mwingine unaweza kuleta virusi vya Ukimwi. Na ikiwa kikohozi kile kilikuwa nimonia, siku mbili tatu za kusubiri kidonda kipone ndizo zinazomaliza mtoto. Kama kuna shangazi au nyanya nyumbani anayesisitiza, usigombane naye mbele ya mtoto. Mwambie mtampeleka zahanati kwanza ili kifua kisikilizwe. Wazee wengi hawakatai hilo, kwa sababu wao pia wanampenda mtoto.

"Joto Kisumu ni malaria tu"

Wanaosema hivi si wajinga. Kandokando ya ziwa, kuanzia Busia na Siaya hadi Homa Bay, malaria haina likizo, na mzazi aliyewahi kuona mtoto akidegedega kwa malaria hasahau. Kosa ni kumpa mtoto vidonge vilivyobaki vya kaka yake bila kupimwa. Malaria na homa ya mafua huanza kwa sura moja: joto, kichwa, mwili kuuma, kukataa chakula. Jicho la mama haliwezi kuzitenganisha, na la daktari pia haliwezi. Tone la damu la kidoleni linaweza, na kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika ishirini hivi. Wahudumu wengi wa afya ya jamii katika kaunti hizi hutembea nacho begani, kwa hivyo uliza wa mtaani mwako kabla ya kutafuta nauli ya bodaboda.

Na kuna hili: kupatikana na malaria hakumaanishi kifua kiko salama. Mtoto anaweza kubeba yote mawili. Ukitoka na dawa za malaria lakini mtoto bado anahema kwa kasi, rudi.

"Kamasi imekuwa ya kijani, anahitaji dawa kali"

Rangi ya kijani hutokana na chembe za mwili zinazopigana na ugonjwa. Haisemi kama adui ni virusi au bakteria. Antibiotiki huua bakteria, na mafua huletwa na virusi, kwa hivyo ile amoksilini ya nusu dozi kutoka dukani haimsaidii mtoto. Inamwachia tumbo la kuharisha na bakteria waliojifunza kuistahimili. Nimonia ya bakteria ni habari nyingine, na hapo amoksilini ni dawa muhimu sana, kwa kipimo alichoandika mhudumu kulingana na uzito, hadi imalizike. Wala sindano haina nguvu za ajabu kuliko kidonge. Mtoto anayeweza kumeza, ameze.

Aspirini asipewe mtoto mwenye mafua hata kidogo. Inaweza kuamsha ugonjwa wa nadra unaoharibu ini na ubongo.

"Mafuta ya taa kijiko kimoja, kifua kitafunguka"

Hapana. Mafuta ya taa huteleza kuingia kwenye mapafu na kuyaunguza, hata yakiwa kidogo. Kujifukiza chini ya blanketi juu ya sufuria ya maji yanayochemka kumebabua watoto, hasa tangu mwaka 2020 watu walipokuwa wakifukiza kila kitu. Moshi wa jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa unaua mtu mzima, sembuse mtoto. Ukitaka kumtuliza, chai ya tangawizi na ndimu iliyopoa ni sawa, na asali pia ni sawa kwa aliyepita mwaka mmoja. Aliye chini ya mwaka asionje asali. Hivi vinalainisha koo, haviui virusi, na sioni ubaya wa kulainisha koo.

"Pampu ya pumu itamzoesha"

Sielewi neno hili lilianzia wapi, ila limewaumiza watoto wengi. Pampu haileti uraibu. Mafua huamsha pumu, na mtoto aliyefichiwa pampu nyumbani ndiye anayetuangukia kwenye gwaride. Ije shuleni ikiwa na jina lake, na mwalimu wa darasa aonyeshwe jinsi ya kuitumia.

Nakaribia kusema vivyo hivyo kuhusu selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, maana Nyanza na Magharibi ni maeneo ambako watoto wengi huzaliwa nayo, na familia nyingine huificha kwa aibu. Mtoto wa selimundu akipata joto la digrii 38 hakuna kusubiri kesho. Ni hospitali siku hiyo hiyo. Kama sijui anayo, nitamwambia apumzike kwenye kiti nyuma ya darasa, na nitakuwa nimekosea.

"Ni mafua tu, yataisha"

Kwa kawaida huisha, na ndiyo sababu tunalala fofofo siku ambayo hayaishi. Kitu cha kutazama ni pumzi, na kuihesabu hakuhitaji mashine. Subiri mtoto atulie au alale, asiwe analia. Pandisha shati. Tazama tumbo na kifua vikipanda, uhesabu kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni haraka mno. Kuanzia miezi miwili hadi kukaribia mwaka ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi kukaribia mitano ni 40. Ukifika hapo, mpeleke kituo cha afya.

Usihesabu dakika ukiona haya: sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, anashindwa kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, anadegedega, amelegea na haamki vizuri, midomo au ulimi umegeuka kijivu au buluu. Kwa mkubwa wa shule, msikilize akiongea. Asiyeweza kumaliza sentensi bila kukatika pumzi anahitaji daktari sasa, iwe ni usiku na mvua inanyesha.

Liko pia lile linalotuponyoka: mtoto anapata nafuu siku ya nne, kisha siku ya sita joto linarudi na kikohozi kimekuwa kizito kuliko mwanzo. Huko si kupona kwa shida. Mara nyingi bakteria wameingia kwenye mapafu yaliyochoka. Na joto, kikohozi, macho mekundu na upele kwa pamoja vinaweza kuwa surua, ambayo hubaki hewani chumbani hadi saa mbili. Piga simu kituoni kwanza ili msiketi kwenye foleni na watoto wachanga. Kikohozi kilichopita wiki mbili, au mtoto anayekonda, apimwe kifua kikuu. Matibabu yake hospitali za serikali ni bure.

"Shule inyunyize dawa madarasani"

Kunawa mikono kwa sabuni nakubali, na mtungi wenye mfereji uko mlangoni pangu. Lakini pesa za kunyunyizia kuta ningezitumia kutengeneza madirisha yanayofunguka. Mafua husafiri zaidi kwa pumzi na matone ya kikohozi kuliko kwa ukuta. Wenye watoto wa bweni, mkienda siku ya wazazi pimeni kwa macho nafasi kati ya vitanda. Mwongozo wa usalama shuleni wa 2008 unataka angalau mita 1.2. Uliandikwa kwa kuogopa moto, na kikohozi pia hupungua pale watoto wanapoachiana nafasi.

"Akikosa siku tatu atabaki nyuma"

Hofu hii naielewa kuliko zote. Mama anayeuza omena soko la Kibuye hawezi kufunga meza siku tatu, na mtoto wa miaka tisa haachwi peke yake na jiko. Wengine humpeleka kwa dani, yaani bibi yake, na hapo ndipo moyo wangu hushtuka, kwa sababu mwenye mafua huambukiza tangu siku moja kabla ya dalili hadi siku tano au saba baadaye, na kifua cha bibi wa miaka sabini ndicho kinachoshindwa haraka. Ikiwa hakuna njia nyingine, mtoto akae nje kivulini au karibu na dirisha lililo wazi, asilale kitanda kimoja na dani, na awe na kikombe chake. Baadhi ya wazazi wa darasa langu wanaoishi Nyalenda wamepangiana zamu: aliye nyumbani siku hiyo anamwangalia pia aliyeshikwa na joto, mlango ukiwa wazi.

Masomo yasikukoseshe usingizi. Yale tuliyofanya siku hizo huyaandika kwenye karatasi moja, nikampa mtoto wa jirani, naye huyaacha mlangoni bila kuingia.