Kila umri na somo lake: ninayoyaona kwa familia za mwaloni

Wazazi wengi wanaofika kwenye chumba changu cha ushauri hapa Mwanza huja na lalamiko moja: kijana haambiliki. Ameonywa, ameitiwa wajomba, na bado anaingia ziwani usiku bila jaketi la kuokolea. Mimi ni mwanasaikolojia, na sehemu kubwa ya kazi yangu iko kwa familia za wavuvi na wachuuzi wa dagaa wa mwaloni, yaani pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Jibu langu kwa wazazi hawa ni kwamba somo la maisha hushika pale linapomkuta mtu katika umri unaolihitaji. Likimfikia mapema, atalikariri tu.

Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walichapisha utafiti kuhusu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Wengine waliucheza peke yao, wengine wakiwa na wenzao pembeni. Vijana wa miaka 13 hadi 16 waliokuwa na wenzao walijihatarisha zaidi sana kuliko waliocheza peke yao. Kwa watu wazima, kuwapo kwa wenzao hakukuongeza chochote cha maana.

Kwa hiyo mwanao anajua vizuri kwamba maji yanaua. Kinachomshinda ni macho ya wenzake mtumbwini. Ndiyo maana nawasihi wazazi wapunguze mahubiri ya nyumbani na waende kuzungumza na tajiri wa mtumbwi na yule mvuvi mzoefu anayeheshimiwa na vijana. Huyo akivaa jaketi wa kwanza, wengine watavaa.

Kuna jambo jingine la Mwanza ambalo vitabu vya saikolojia haviwezi kutuambia. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika hapa, na mamia ya watu wakafa. Aliyekuwa na miaka 20 siku ile leo ni mtu wa makamo. Hahitaji kushawishiwa kuhusu jaketi. Alikuwapo watu walipozikwa Igoma, hapa hapa Mwanza. Kijana wake amezaliwa baadaye, na kwake hiyo ni habari ya wazee. Wawili hawa wakigombana kuhusu ziwa, mmoja anasema kwa kumbukumbu na mwenzake kwa hadithi aliyoisikia. Nikiwa nao chumbani humwomba mzazi aache kwanza kuonya, asimulie siku ile saa kwa saa: alikuwa wapi, alimtafuta nani. Mara nyingi kijana anakuwa hajawahi kuisikia.

Miaka ya thelathini naipita haraka, maana somo lake hujifundisha lenyewe. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, mitumbwi hupumzika na pesa hukatika. Asiye na mtoto huvumilia. Mwenye mtoto huanza kuweka akiba, hata kama ni kupitia kikundi cha mke wake.

Umri ninaouhurumia zaidi ni ule wa kuanzia miaka 45 hivi, hasa kwa wanaume. Mgongo umeanza kukataa kuvuta nyavu usiku kucha, lakini mtu mwenyewe hajui awe nani asipokuwa ziwani. Wengi huniletea hasira, wengine pombe. Erik Erikson, aliyegawa maisha katika hatua nane, aliona kwamba kazi ya umri wa makamo ni kulea kizazi kinachofuata, na anayeikosa hudumaa. Nakubaliana naye, ila mvuvi huyu anahitaji pia kuonyeshwa njia.

Njia hiyo naipata kwa Paul Baltes, mwanasaikolojia wa Ujerumani. Alipenda kumtaja mpiga piano Arthur Rubinstein, aliyeendelea kutumbuiza akiwa mzee. Rubinstein alipunguza idadi ya nyimbo, akazifanyia mazoezi zaidi hizo chache, na kabla ya sehemu za kasi alipiga polepole ili kasi inayofuata isikike kubwa. Alichagua, akaongeza juhudi, akafidia.

Mvuvi anaweza kufanya hivyo hivyo. Aache kwenda kila usiku na achague safari zake. Aimarishe alichobaki nacho: kusoma upepo, kujua miamba ilipo, kushona nyavu. Nguvu zilizopungua azifidie kwa kumpa kijana kamba huku yeye akishika usukani. Wepesi wa akili katika mambo mapya huanza kupungua mapema utu uzimani, lakini maarifa yanayotokana na uzoefu huendelea kukua kwa miaka mingi. Mzee wa miaka 50 ana mali ambayo wa miaka 22 hana, na inaniuma kuona mialo ambako hakuna anayemwuliza.

Kwa wazee wenyewe, familia hukosea kwa namna nyingine. Bibi amekataa kwenda harusini, anataka mjukuu mmoja tu akae naye, na watoto wanasema bibi amekuwa mgumu. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameeleza kwamba mtu anapoona muda uliobaki ni mfupi, hupunguza watu na kubaki na wale walio karibu na moyo wake. Bibi anachagua, na uchaguzi wake uheshimiwe. Akiwa hali, halali au hamtaki hata mjukuu yule, hapo mpelekeni hospitali haraka.

Na mkitaka awafundishe, msimwulize kwa jumla maisha yamemfunza nini. Swali hilo humchosha. Kumbukumbu za wazee hujaa zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30. Mwulizeni kuhusu safari yake ya kwanza ya meli kwenda Bukoba, alisafiri na nani, alibeba nini, na nani alimpokea bandarini. Kisha mpeni muda.