Je, wajua kwa nini simba wa kwenye picha anaweza kumficha simba wa porini?

Mkazi wa Nairobi huona wanyama wa porini kila siku bila kukanyaga mbugani. Tangu sarafu mpya zilipotolewa mwaka 2018, twiga yuko kwenye shilingi moja, kifaru kwenye kobole (shilingi tano), simba kwenye shilingi kumi na ndovu kwenye ishirini. Simba wawili wameshika mikuki kwenye nembo ya taifa. Ndovu mwingine yuko kwenye chupa ya bia ya Tusker. Matatu inapita na simba anayenguruma ubavuni, na siku ya Maasai Market meza zimejaa twiga wa mbao na vifaru wa mawe. Je, wingi huu wa picha na vinyago unawasaidia wanyama wenyewe?

Wengi wetu tungejibu ndiyo bila kusita. Methali inasema asiyekujua hakuthamini, na wasanii wengi wanaochora wanyama walio hatarini wanaitegemea: mchore kifaru vizuri, mtundike mahali watu watamwona, nao watampenda na kumlinda. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumwona hata kwenye kalenda huwa hana wa kumsemea bajeti inapogawanywa.

Tatizo ni kwamba kutambua sura si kujua hali. Mtoto wa chekechea atakutajia simba hata ukimwonyesha mkia tu. Lakini muulize mtu mzima, aliyesoma na anayelipa kodi, Kenya ina simba wangapi. Sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori, ya mwaka 2021, ilipata 2,589. Nchi nzima: Mara, Tsavo, Laikipia, Samburu, wote pamoja. Wengi wakiisikia namba hiyo hudhani umesahau sifuri. Mshangao huo ndio unaohitaji maelezo, kwa sababu mwenye kushangaa ameishi na simba machoni pake tangu utotoni.

Mwaka 2018 mwanasayansi wa Ufaransa, Franck Courchamp, na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la PLOS Biology kuhusu wanyama kumi wanaopendwa zaidi na watu, wakiwemo simba, ndovu, twiga, chui na duma. Waligundua kwamba watu wengi hawakujua kuwa baadhi ya wanyama hao wako hatarini. Kisha wakawaomba watu wa kujitolea nchini Ufaransa waandike, kwa wiki moja, kila mara walipomwona mmoja wa wanyama hao kwenye tangazo, katuni, nembo au kitu cha kuchezea. Kwa hesabu yao, Mfaransa wa kawaida huona ndani ya mwaka mmoja simba wa picha wengi kuliko simba hai wote waliobaki Afrika Magharibi. Mwaka 2010 pekee, Ufaransa iliuza wanasesere wa mpira wa twiga aitwaye Sophie wapatao 800,000, zaidi ya mara nane ya twiga walioishi Afrika nzima. Watafiti hao wakasema kwamba wanyama hawa wana idadi nyingine inayoishi akilini mwetu, na hiyo haijawahi kupungua.

Ili kuelewa namna jambo hili linavyofanya kazi, fikiria duka la mtaani, lile lenye dirisha la wavu wa chuma. Mwenye duka amebakiwa na pakiti tatu za majani chai, lakini hataki rafu ionekane tupu. Anachukua maboksi yaliyokwisha na kuyapanga juu, picha zikitazama nje. Wewe unayepita kila asubuhi unaona rafu imejaa. Hakuna aliyekwambia chai ni tele. Macho yako yamehesabu maboksi, na akili ikatafsiri maboksi kuwa chai. Kesho unapita tena, rafu ni ile ile. Pakiti moja inauzwa, kisha ya pili, na hakuna kinachobadilika machoni pako, kwa kuwa boksi tupu na boksi lenye chai vina sura moja. Ukweli unaujua siku unapoomba pakiti na kuambiwa imekwisha. Ingekuwa mwenye duka ameacha pengo pale chai ilipotoka, ungeliona mapema, na pengine ungemuuliza kulikoni.

Akili ya mwanadamu haina rafu mbili, moja ya simba walio hai na nyingine ya simba waliochorwa. Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza mwaka 1973 kwamba tunapokadiria wingi wa kitu, aghalabu tunapima jinsi mifano yake inavyotujia akilini kwa urahisi. Simba hutujia kwa urahisi mno. Na hapa pana jambo linalomgusa msanii moja kwa moja: kadiri anavyomchora simba aliyeshiba, mwenye manyoya mazito shingoni, amesimama kwenye nyasi zisizo na mwisho, ndivyo anavyoongeza boksi jingine kwenye rafu. Ustadi wake wenyewe unamtuliza mtazamaji.

Utafiti wa Courchamp haupaswi kubebeshwa mzigo usio wake. Ulihesabu picha zinazoonwa na Wafaransa, ambao hawana simba jirani. Sisi tuna mbuga yenye kilomita za mraba 117 iliyopakana na jiji, na mfugaji wa Kitengela aliyepoteza ng'ombe usiku hamjui simba kupitia sarafu. Tena, kuonyesha kwamba watu wanaona picha nyingi na kwamba hawajui hali ya mnyama si sawa na kuthibitisha kwamba la kwanza limesababisha la pili. Hata hivyo, kwa mtu wa mtaa wa Umoja au Kawangware ambaye hajawahi kuingia mbugani, simba karibu wote aliowahi kuwaona ni wa rangi na wino, na maelezo ya watafiti yanamhusu kama yanavyomhusu mtu wa Paris.

Historia yetu yenyewe inatoa mfano unaofikirisha. Katika Makumbusho ya Taifa ya Nairobi anasimama ndovu wa fibaglasi mwenye ukubwa wa ndovu halisi. Huyo ni Ahmed wa Marsabit. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alimpa ulinzi kwa amri maalumu, askari wakawa wanamlinda usiku na mchana, hadi alipokufa mwaka 1974 kwa uzee, kila pembe yake ikiwa na uzito wa kilo 67 hivi. Alikuwa na jina na sura, na barua za watu waliompenda ndizo zilizochangia ulinzi huo. Lakini katika miaka ile ile ambayo Wakenya walikuwa wakimwenzi Ahmed, ndovu wa Kenya walishuka kutoka zaidi ya 160,000 mwanzoni mwa miaka ya sabini hadi takriban 16,000 mwaka 1989. Upendo kwa ndovu mmoja haukuwafikia wengine. Ukisimama mbele ya sanamu ile unaona ndovu mkubwa, mzima, mwenye pembe zote mbili. Hakuna chochote kwenye umbo lake kinachokuonyesha waliokosekana nyuma yake.

Picha iliyoitikisa dunia mwaka 1989 haikuwa na ndovu hata mmoja. Mwezi Julai, katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, Rais Daniel arap Moi aliwasha moto rundo la pembe lenye uzito wa tani 12. Miezi michache baadaye nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilipiga kura kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Moto ule haukufanya kazi hiyo peke yake: kulikuwa na Richard Leakey aliyeongoza vita dhidi ya ujangili, doria zilizoimarishwa, na miaka ya kampeni katika nchi nyingi. Lakini ulionyesha pengo. Kila jozi ya pembe kwenye rundo lile ilikuwa ya mnyama ambaye hayupo, na mtazamaji hakuweza kuiangalia akadhani ndovu ni wengi. Kenya ilirudia mwaka 2016, safari hiyo kwa tani 105 za pembe na zaidi ya tani moja ya vipusa. Sensa ya 2021 ilihesabu ndovu 36,280.

Wasanii wanaoielewa siri hii huichora namba ndani ya mnyama. Mwaka 2008 tawi la shirika la uhifadhi la WWF nchini Japani lilitoa picha za wanyama walio hatarini ambapo idadi ya nukta zinazounda picha ni sawa na idadi ya wanyama waliobaki. Panda anaonekana kwa mbali, ukisogea anavunjika kuwa vipande. Wazo hili linanivutia kuliko sanamu yoyote ya shaba, na linafaa kabisa kwa namba zetu. Ndovu wa Kenya angepata mraba wenye nukta kama 190 kila upande, ungemtambua bila shida. Simba angepata 51 kwa 51: manyoya yangeonekana, macho yangepotea. Kifaru mweusi, aliyehesabiwa 897 katika sensa hiyo, angepata 30 kwa 30, na pembe yake ingekuwa kijiti cha nukta chache. Hirola, swala wa Garissa mwenye alama nyeupe kati ya macho kama miwani, ana 497. Huyo ni 22 kwa 22, doa la kahawia lisilo na jina. Mchoraji hangelazimika kuandika neno lolote chini yake.

Njia nyingine ambayo picha husaidia ni ya moja kwa moja zaidi, nayo ni fedha. David Shepherd alifika Nairobi mwaka 1949 akitamani kuwa askari wa wanyamapori, akakataliwa, akarudi Uingereza na kuwa mchoraji. Mwaka 1960, akiwa Tanganyika, alikuta pundamilia 255 wamekufa kwenye kisima kilichotiwa sumu. Kuanzia hapo michoro yake ikawa na kazi nyingine: ule wa chuimilia uitwao Tiger Fire, wa mwaka 1973, ulichangisha pauni 127,000 kwa ajili ya uhifadhi nchini India. Hapa hata simba mnene na mtulivu anafaa, kwa sababu kazi haifanywi na kinachoonekana bali na hundi inayofuata. Courchamp na wenzake walipendekeza kitu kinachokaribiana: kampuni zinazotumia wanyama hawa kujitangaza zilipe sehemu ya mapato kwa uhifadhi wao. Binafsi naliona pendekezo hilo kuwa la haki tupu. Mwenye kutumia sura ya simba kwa miaka mingi anamdai simba nini, na simba anamdai yeye nini?

Kuna wanyama, hata hivyo, ambao hawajafikia kiwango cha kufichwa na picha zao kwa kuwa hawana picha. Bongo wa milimani, anayeishi kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, na ambaye porini amebaki kwa idadi isiyofika mia moja. Kakakuona, anayewindwa kwa magamba yake. Tumbusi wa Rüppell, anayekufa kwa sumu inayowekwa kwenye mizoga na ambaye tangu 2015 amewekwa kwenye kundi la wanyama walio katika hatari kubwa zaidi ya kutoweka. Kwao ile methali inafanya kazi kama ilivyo, na kila mchoro ni faida. Lakini mchoraji ana kodi ya nyumba, na mgeni anayesimama mbele ya meza yake huulizia simba na ndovu. Hirola atachorwa siku ambayo mnunuzi, Mkenya kwa mgeni, atamuulizia kwa jina.