Kuta za ndani za boti kuukuu: yanayosemwa ufukweni na yaliyo kweli

Boti za matanga za faiba zilizoundwa Ulaya miaka ya 1970 na 1980 mara nyingi bodi yake bado ni nzima. Kinachochoka ni ndani: kuta za kebini zina madoa, vanishi imebanduka, kitambaa cha plastiki kimeachia darini. Hapa Tanga mwenye chombo humwita fundi rangi wa nyumba au seremala wa majahazi, na kila mmoja huja na ushauri wa kazi aliyoizoea. Ni mafundi wazuri, sina ugomvi nao. Ila kebini ya faiba si sebule, wala si jahazi.

“Ukuta una koga? Piga rangi ya mafuta, kwisha kazi.”

Kazi ndiyo kwanza imeanza. Koga ni dalili, na maji mara nyingi yanatoka juu. Sitaha imetobolewa kila mahali kwa ajili ya boliti, na kila tundu lilizibwa na kitu ambacho leo kimekauka na kupasuka. Maji yakipenya hapo hayadondoki moja kwa moja. Husafiri kati ya sitaha na dari, yakatokeza mbali kabisa na yalikoingilia. Ndiyo maana fundi hupaka penye doa leo, na baada ya masika doa limerudi palepale.

Fungua dari, paka unga wa chaki kuzunguka kila boliti kwa ndani, kisha mwenzako amwage maji sitahani taratibu, sehemu moja baada ya nyingine. Mchirizi utauona kwenye chaki. Anza na vyuma vya kufungia nyaya za mlingoti, kwa sababu vinapenya sitaha na kufungwa kwenye ukuta wa plaiwudi unaogawa kebini. Ukuta ule haupo kwa urembo, unabeba mzigo wa mlingoti. Ugonge kwa mpini wa bisibisi kutoka juu hadi chini: palipo pazima panalia kavu, palipooza panajibu kwa sauti butu. Ukisikia sauti butu, weka brashi chini umwite seremala.

Na ukiziba, usizibe kwa silikoni ya madirisha ya nyumba halafu ukataka kupaka rangi juu yake. Rangi haishiki, inafanya macho-macho, yaani inajitenga na kuacha vidoa vya duara visivyo na rangi.

“Futa vumbi, paka.”

Vumbi si tatizo kubwa, tatizo ni chumvi. Unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 75, chumvi hufyonza maji ya hewani hadi ikayeyuka yenyewe, na asubuhi nyingi za pwani yetu zinapita kiwango hicho. Ukipaka juu ya chumvi umefungia unyevu chini ya rangi, malengelenge yatafuata. Osha kuta kwa maji baridi na sabuni kidogo, suuza, badilisha maji, suuza tena. Maji ya bahari hayafai hata kwa suuzo la kwanza.

Kisha acha zikauke kwelikweli. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua zikiwa haba, ndiyo miezi ya kazi hii. Paka kuanzia saa nne asubuhi, na uweke brashi chini alasiri mapema. Vanishi iliyopakwa jioni hukutana na umande ikiwa mbichi, kesho yake unaikuta imefanya ukungu mweupe.

“Jiki inaondoa doa lolote.”

Kwenye plastiki na faiba tupu, sawa. Kwenye mbao jiki hung'arisha uso tu, maji yake yanazama ndani na kulisha koga iliyobaki. Halafu kuna ule weusi unaozunguka skrubu na boliti kwenye mtiki au mvule, ambao watu husugua kutwa nzima. Ule si koga hata kidogo. Ni chuma kilichopata maji na kukutana na tanini, ile asili ya ukakasi iliyomo kwenye mti, na jiki haiuwezi. Dawa yake ni asidi ya oksali iliyoyeyushwa katika maji ya moto: pakaza, subiri, weusi unafifia ukiutazama, kisha suuza vizuri. Ni sumu, vaa glavu, na usipige msasa mbao kabla hujaisuuza yote. Jiki na asidi yoyote, hata siki, visikutane ndani ya kebini. Gesi ya klorini katika chumba kidogo hivyo haina mzaha.

“Huu ni mtiki, piga msasa mpaka mbao mpya itoke.”

Hapa ndipo ukuta mzuri unapouawa. Wakazi wa mkoa huu wameona mitiki ya Longuza kule Muheza, magogo ya kukumbatia, kwa hiyo fundi akiona rangi ile ya kahawia ya dhahabu anadhani mbele yake kuna ubao. Hakuna. Kuna plaiwudi iliyobandikwa ganda la mtiki ambalo kwa kawaida halifiki milimita 1. Mashine ya msasa inalimaliza kabla hujaizima, hasa kwenye kona. Likishatoboka huna la kurudisha. Toa vanishi ya zamani kwa kikwaruzo na dawa ya kubandulia, kisha msasa wa mkono namba 180 halafu 220, kwa kufuata nyuzi za mti. Kama chini kuna rangi ya enzi hizo, huenda ina madini ya risasi yenye sumu, basi piga msasa wa maji.

“Paka mafuta kama jahazi.”

Sifa, yaani mafuta ya papa, imetunza majahazi vizazi na vizazi, nje, penye jua na upepo. Ndani ya kebini iliyofungwa mafuta hayakauki upesi, yananuka, na koga inayapenda. Mbao ikishayanywa, vanishi haitashika tena.

“Fungua dirisha, hewa inatosha.”

Mvuke wa tina ya rangi ni mzito kuliko hewa. Haupandi kutafuta dirisha. Unashuka kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo, kule kwenye betri na swichi ya pampu inayojiwasha yenyewe. Cheche moja inatosha. Zima umeme wote kwenye betri, funga gesi ya jiko, weka feni juu sitahani isukume hewa safi kuingia ndani badala ya kuvuta mvuke upite kwenye mota yake. Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi kidogo tu, mvuke unapita. Tumia ile yenye vichujio vya kaboni.

Rangi ya poliyurethani ya makopo mawili, ile inayochanganywa na kigumuishi kabla ya kupakwa, ningeiacha nje kabisa. Kigumuishi hicho kina kemikali iitwayo aisosayanati, na hiyo huweza kumwachia fundi pumu ya maisha. Ndani hakuna jua kali wala mawimbi, rangi ya kopo moja inatosha.

Kwa anayetaka vanishi isiyong'aa: tabaka za mwanzo ziwe za kung'aa, kwa kuwa ndizo ngumu na angavu zaidi, na ile ya kufifisha iwe ya mwisho peke yake.